Umetoa moto (pikipiki) ya kross ya Kichina mu kesi (sanduku yake), sasa unafanya nini? Maswali yenye watu wa Goma wananiulizaka

Simu yangu imejaa audio za watu wenye wamenunua zile moto ndefu za Kichina, za 200 ao 250 (ukubwa wa moteri kwa cc), zenye taa na fasi ya plake kama moto ya barabara lakini zimesimama juu kama za kross. Nimechoka kujibu kila mutu audio ya dakika saba, njo nimeandika yote hapa. Mimi si mekanisie wa diploma. Nimefungua na kufunga yangu mara mingi kuliko vile nilitaka, na za marafiki pia nimeshika. Mekanisie wako akisema kitu kingine, muulize juu ya nini, akikupa sababu ya kweli sikiliza yeye.

Mukubwa, moto imetoka mu kesi leo asubuhi, naweza kuiwasha niende nayo kazi?

Hapana. Najua iko inang'aa, najua watoto wa kartye wako pale wanangojea, lakini hapana.

Bei ya hizi moto iko chini juu kuna kazi fulani haikufanywa. Chuma ni chuma, moteri ni ya muzuri, lakini yule mutu wa mwisho mu fabrike, mwenye angepaswa kupita na kle kwa kila bulo, kuweka grese fasi inapaswa, kuangalia kama waya inakwaruzana, huyo mutu hawakumulipa. Ukinunua ya Japani unamulipia. Ukinunua hii, huyo mutu ni wewe. Kiisha kule Birere, fasi ya maduka, kijana anakufungia gurudumu ya mbele, gido (usukani), gadibu (ya kuzuia matope) na batri mbio mbio juu kuna wengine wanangojea, na anakupa funguo. Kwa hiyo weka siku mbili. Jumamosi na Jumapili zinatosha, na Jumatatu unaenda kazi na moto yenye unajua ndani yake.

Sawa, nianze na nini?

Wile (mafuta ya moteri). Ile yenye imekuja ndani ya moteri ni ya safari ya meli, na mara ingine haiko hata ya kutosha. Pasha moteri dakika tatu ine hivi, zima, fungua bulo ya chini, acha imwagike yote mu beseni. Utaona inang'aa kidogo kama rangi ya madini, usiogope, ni chuma mupya inajisugua. Angalia pia kichujio cha waya chenye kinakaa chini pale nyuma ya bulo kubwa, kiko na resori. Fungua polepole, ile resori inarukaka na unaitafuta mu mawe mpaka jioni.

Weka wile ya pikipiki, 10W-40 ao 20W-50, yenye imeandikwa JASO MA. Hiyo herufi si urembo. Ambreyaje (klachi) ya moto hizi inaogelea mu wile moja na moteri, na wile ingine ya gari iko na dawa ya kutelezesha, ukiweka hiyo ambreyaje inaanza kuteleza, moteri inalia lakini moto haiendi. Moteri nyingi za aina hii zinachukua litre moja na kidogo, lakini pima na ile kijiti, usisikilize mutu anasema "mwaga litre moja basi".

Ya bei ya chini ya minerale inatosha kabisa kwa mwanzo. Usinunue sintetike ya dola mingi yenye utamwaga kisha kilometa mia.

Mabulo yote? Yote kabisa?

Yote. Hii njo swali yenye watu wanaruka, na njo yenye inawarudishaka nyumbani kwa miguu.

Nikuambie yangu. Wiki ya kwanza nilikuwa na haraka, niliangalia mabulo makubwa tu, nikasema sheni imefungwa na watu wa duka, iko sawa. Kumbe ile klipsi ndogo yenye inafunga sheni walikuwa wameiweka kinyume. Nimefika Mugunga, nasikia "tak!", moto inalia kama mbuzi na haiendi, naangalia nyuma sheni imelala mu barabara kama nyoka. Vijana wawili wenye tshukudu (ile ya mbao ya kusukumia mizigo) walikuwa wanatoka kushusha viazi, tukaweka moto mupya juu ya tshukudu, tukaifunga na kamba, na njo vile niliingia Ndosho, mimi nafuata nyuma na kasike mukononi. Mpaka leo kuna mutu mu kartye ananiitaka "tshukudu". Klipsi ya sheni: fasi yenye imefunga inaangalia kule sheni inaenda, fasi yenye iko wazi inabaki nyuma. Angalia sasa, kabla ya kuendelea kusoma.

Kwa mengine yote, anza mbele uende nyuma, upande wa kushoto kiisha wa kuume, usirukeruke juu utasahau. Akisi ya mbele, kalipa ya freni, zile sahani zenye zinashika furshi (miguu miwili ya gurudumu ya mbele), gido, mabulo yenye yanashika moteri mu shasi, bulo ya silansie (bomba ya moshi), miguu ya kukanyaga, amortiseri, akisi ya nyuma, kurone (ile ya meno ku gurudumu ya nyuma), kijiti cha kusimamisha. Silansie inaachiaka ya kwanza, sijue juu ya nini, kwa moto zote nimeona.

Kama unaweza kuazima kle dinamometrike, ile inalia "klak" ikifika, azima. Bulo ya milimetre 6 inataka karibu 10 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), ya 8 inataka 20 mpaka 25, ya 10 karibu 45. Kama bulo inaingia mu aluminiumu, kaa chini ya hizo. Bila hiyo kle tumia kle fupi na mukono moja, usirefushe na bomba! Bulo ya hizi moto ni laini, ukivuta kama unafunga lori inakatika ndani na pale umejiletea kazi ya muchana muzima.

Kila bulo ukimaliza kukaza, piga mustari mudogo wa rangi ya kucha toka bulo mpaka chuma ya pembeni. Omba dada ao bibi yako chupa moja. Kesho ukipita unaangalia tu, mustari ukikatika bulo imetembea.

Loctite inahitajika ao ni mambo ya wazungu?

Inahitajika, ya bluu. Tone moja kwa bulo yenye inatetemeka: silansie, kurone, miguu ya kukanyaga, porto-bagaji, mabulo ya kalipa. Safisha kwanza na esansi, acha ikauke. Ya nyekundu acha dukani, ile kufungua lazima uipashe joto mingi. Na usiweke kwa bulo ya wile wala kwa buji (plagi ya kuwasha moteri).

Wanasema eti nifungue mpaka gido juu ya grese. Kweli?

Kweli, na ukifungua utaelewa. Mu shingo ya gido kuna zile vidonge vya chuma ao rulma, mara mingi vimewekwa karibu vikavu. Weka grese mpaka ijae. Pia akisi zote mbili, na ile bulo ndefu yenye inashika mukono wa nyuma (ule wenye unabeba gurudumu ya nyuma), hii njo yenye watu wanasahau kabisa, na kisha mwaka moja ya mvua ya Goma haitoke tena, unaipiga na nyundo mpaka unalia.

Kufunga shingo: inyanyue gurudumu ya mbele, gido iende kushoto na kuume yenyewe bila kukwama, na ukivuta furshi mbele na nyuma kusiwe "tok tok". Hizo mbili zikiwa sawa, umemaliza.

Batri mupya inakufa kisha siku mbili. Duka imeniuzia mubaya?

Pengine. Lakini mara mingi walimwaga asidi ndani, wakaweka saa ile ile mu moto, na wewe ukapiga demareri mara kumi. Batri ya asidi ikishawekwa inakaa nusu saa, kiisha inashajiwa polepole: kama imeandikwa 7 Ah, shaji ya ampere 0.7 hivi, saa mingi. Kurani ikikatika katikati, hakuna shida, endelea ikirudi. Ikijaa na kupumzika inapima karibu volti 12.7. Kiisha washa moto, panda mizunguko kidogo, pima tena pale pale: ukikuta kati ya 13.5 na 14.5, moto inashaji. Ukikuta 12 tu, kosa haiko ku batri, tafuta ploki yenye haikuingia muzuri chini ya kiti.

Ukiwa pale, zungusha gido kushoto mpaka mwisho na kuume mpaka mwisho na uangalie waya zenye zinapita ku shingo. Zikivutwa ao zikikwaruza chuma, zifungue na uzifunge upya na kolye ya plastiki. Shoti nyingi za hizi moto zinatoka fasi ile.

Niliona video Amerika wanabadilisha gikleri ya karbirateri (kile kitundu chenye kinapimia esansi) siku ya kwanza, wanaweka kubwa. Na mimi niweke?

Ngoja. Hapa njo fasi usifuate video.

Kule Marekani hizi moto zinafikaka na esansi ndogo sana mu mchanganyiko juu ya sheria zao za moshi, na wengi wao wanaishi chini karibu na bahari. Kwa hiyo moteri iko na njaa, wanaiongezea. Sisi tuko Goma. Ziwa Kivu peke yake iko mita 1,460 juu ya bahari, na ukipanda Munigi unaongeza. Hewa ya huku ni nyepesi, karibu asilimia 15 pungufu kuliko ya Mombasa. Hewa ikipungua na gikleri ikibaki ile ile, esansi inakuwa mingi yenyewe. Maana yake moto yenye Mumarekani anaona iko na njaa, huku inaweza kuwa imeshiba sawa sawa, na ukiiongezea inaanza kukohoa moshi mweusi na kunywa esansi kama mulevi.

Kwa hiyo usiguse kwanza. Tembea kilometa mia moja, kiisha fungua buji ikiwa imepoa uangalie: rangi ya kahawa yenye maziwa, acha. Nyeusi yenye masizi makavu, esansi ni mingi, shusha gikleri namba moja ao shusha sindano ya karbirateri kibano kimoja. Nyeupe kama mufupa, esansi ni kidogo, hapo njo unaweza kupandisha. Ralanti (mizunguko ya moteri bila gazi) rekebisha na moteri ikiwa imepata joto. Asubuhi ya baridi vuta starteri (shoki), ikishawaka na kutulia rudisha, watu wanasahau starteri imevutwa kutwa nzima na wanakuja kwangu "mukubwa, inakula esansi".

Na utasikia nguvu imepungua kuliko vile imeandikwa. Ni ile hewa. Gikleri haiwezi kukurudishia hewa.

Buji ya kiwandani nibadilishe?

Ndiyo, ni pesa kidogo. Moteri nyingi za aina ya CG (ukoo wa Honda CG125) zinachukua NGK D8EA, nafasi ya 0.6 mpaka 0.7 mm. Lakini linganisha urefu wa uzi na ile yenye imetoka kabla ya kufunga. Ingiza na vidole kwanza mpaka mwisho, kle inakuja kisha.

250 yangu ni 250 ya kweli?

Fungua kitabu. Kama moteri imeandikwa 167FMM, pistoni ni 67 mm na inatembea 65 mm, ukipiga hesabu unakuta 229. Si wizi peke yake ya duka lako, ni vile wanauzaka dunia muzima. Ile ya 200 yenye imeandikwa 163FML iko 197, hiyo angalau haina uongo mukubwa. Binafsi kwa Goma napenda ya 200. Iko ndani ya ukoo wa Honda CG125 ya 1976, yenye fimbo za kusukuma supapu, moteri yenye ilitengenezwa juu ya watu wenye hawafanyaka vidanje (kubadilisha wile) kwa wakati. Mafundi wanaijua, na mapyesi ya ndani, ambreyaje, pistoni, joins, utayapata Birere bila kuagiza. Plastiki za nje njo shida, ukivunja gadibu ya mbele unaishona na waya kama sisi wote.

Mapine. Niache yenye imekuja nayo?

Hapa tukae kidogo juu hii njo Goma.

Mawe yetu si mawe ya mutoni. Ni lava, yale ya 2002 yenye yalipita katikati ya muji, na mengine ya 1977 na 2021 kule juu, ukiyashika unasikia yanakata kama chupa. Pine ya kiwandani ina mpira mugumu na shambreri (mpira wa ndani) nyembamba, mu lami inateleza mvua ikinyesha, mu mawe inapasuka ubavuni. Kama pesa iko, badilisha shambreri kwanza, mbele na nyuma, weka nene. Pine yenyewe inaweza kungojea mpaka iishe.

Watu wamesikia eti kross inashushwa presha. Ndiyo, mu mchanga. Mu mawe yetu ukishusha, jiwe linafinya pine mpaka janti na shambreri inatoboka matundu mawili kama imeumwa na nyoka. Mimi natembeaka na kilo 2 mbele, nyuma 2 na kidogo, nikibeba mutu naongeza. Inarusha kidogo, mugongo unalia, lakini nafika. Yule kwado wa kwetu, mwenye kuziba mapine, aliniambia wateja wake wazuri ni wale wenye wanatembea na presha ya chini "juu ya konfori".

Kata kipande cha pine ya zamani, kirefu kama kiganja, uweke chini ya kiti. Siku ubavu unapasuka unakiweka ndani kati ya pine na shambreri, unafika nyumbani.

Na rayo! Zile nyuzi za gurudumu. Chukua kle ndogo, gonga moja moja ukizungusha. Yenye imekaza inalia "ting", yenye imelegea inasema "tup". Kaza zile za "tup" robo mzunguko, pita tena. Rudia kisha kilometa 50 za kwanza na tena kwa 200, juu zinajipanga upya. Ukiacha, janti inapinda na huko Katindo utasikia bei.

Sheni inapiga kelele na konteri haijafika hata 300.

Sheni za kiwandani zinavutika mbio. Pima katikati chini: ipande na ishuke karibu vidole viwili, na ukae juu ya moto uone haikazi kabisa, juu amortiseri ikishuka sheni inakaza. Zungusha gurudumu na upime fasi yenye imekaza zaidi. Zile alama za kulinganisha akisi usiziamini sana, yangu ya kushoto na ya kuume zilikuwa haziongei lugha moja, pima na kamba toka bulo ya mukono mpaka akisi, pande zote mbili.

Mafuta: wile ya 80W-90 ya vitesi za gari, kidogo, jioni sheni ikiwa ingali na joto, upanguse yenye imezidi. Usiweke grese nzito, inashika ile changarawe nyeusi yetu na inakuwa msasa.

Kama unapanda Kibati ao unabeba mizigo, badilisha pinyo ya mbele (ile ndogo ya meno yenye inavuta sheni), toka meno 17 uende 15 kama yako ni hiyo. Unapoteza mbio, kama asilimia 12, lakini vitesi ya kwanza inakuwa ya kweli na ambreyaje inapumua. Bei yake ni ya bia chache.

Freni ya mbele inalegea kama sifongo.

Hewa iko ndani. Fungua, toa hewa, weka likidi mupya ya DOT 4 kutoka chupa yenye haijafunguliwa (yenye imekaa wazi imekunywa maji). Inakula rangi, funika tanki na kitambaa chenye maji. Diski safisha na alkoli, iko na mafuta ya safari. Kiisha plakete (zile zenye zinabana diski) zinahitaji kujifunza: fasi tupu, kimbia 40, punguza mpaka 10 bila kusimama, mara kumi na tano hivi, ukiachia ipoe kati kati.

Rodaje (kuzoesha moteri mupya) ya kweli ni nini? Kila mutu anasema yake.

Kuna wale wanasema tembea polepole kama unabeba mayai kilometa 1,000, na kuna wale wanasema ichape siku ya kwanza. Mimi niko katikati na sina aibu.

Pistoni na silinda zinahitaji kusuguana ili pete zikae, na zinahitaji mzigo ili zisuguane, lakini joto ikizidi zinaumizana. Kwa hiyo usikae na mwendo moja. Panda, shuka, panda, shuka, achilia gazi na uache moteri ikushikilie ukiteremka. Nusu ya gazi mpaka robo tatu, si mwisho. Usiipandishe mulima na vitesi ya ine ikiwa inagonga-gonga, hiyo ni mubaya kuliko mbio. Na usiache iko inawaka mu lupango nusu saa eti inazoea, haizoei kitu, inapika wile.

Dakika ishirini, zima, ipoe kabisa, kunywa chai, pita kwa mistari yako ya rangi ya kucha. Rudia. Vidanje ya pili kwa kilometa 100, ya tatu kwa 500, kiisha kila 1,000. Najua ni wile mingi. Hesabu bei ya wile mara tatu na hesabu bei ya pistoni mupya, kiisha rudi unieleze.

Supapu?

Pima nafasi yake kwa kilometa 500, moteri ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya kuiwasha. Kitabu kitakupa namba, nyingi za aina hii ziko kati ya 0.05 na 0.10 mm. Alama ya T lazima iwe sawa na supapu zote mbili ziwe zimelegea, si mu mzunguko wa kutoa moshi. Hujawahi kufanya? Lipa fundi lakini simama pale. Na kama inapiga "tik tik" kidogo usihangaike, yenye haina sauti kabisa njo ya kuogopa, pengine supapu haifungi na itaungua.

Naweza kuweka esansi ya kadafi, ile ya chupa ya barabarani?

Sisi wote tunaweka, usijifanye. Lakini chupa iko mu jua, maji yanaingia, na wengine wanaongeza vitu. Weka filtre ndogo ya plastiki yenye unaona ndani kati ya tanki na karbirateri, na ukiona tone linacheza chini kama lulu, ni maji. Fungua visi ya chini ya karbirateri, mwaga, funga. Kabla ya kujaza mara ya kwanza angalia na tochi mu tanki mupya, zingine ziko na kutu ao unga wa chuma, zisuuze na esansi kidogo.

Filtre ya hewa iko mupya, nafungua juu ya nini?

Juu mara mingi ni sifongo kavu bila wile, na sanduku yake haifungi muzuri. Vumbi ya Goma ni volkano yenye imesagika. Ikiingia mu silinda inasugua kama msasa, na moteri yenye ungetumia miaka inaanza kula wile mwaka wa kwanza. Osha sifongo na sabuni, kausha, weka wile yake, finya mpaka isidondoke, na pakaa grese kwenye mdomo wa sanduku. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, mimi naosha kila wiki mbili.

Safari ya kwanza niende wapi?

Ya kwanza kabisa usitoke mu muji. Himbi, Keshero, rudi. Kilometa kumi, ukiwa na kle mufukoni. Ya pili, barabara ya Sake, ni kama kilometa 25 kwenda, ukipita Mugunga unisalimie pale sheni ililala. Ya tatu njo mawe, Munigi ukipanda kuelekea Kibati, asubuhi, na mutu wa pili mwenye moto yake. Kabla ya kutoka piga simu kwa mutu wa kule umuulize njia imeamka aje. Mbali zaidi ya hapo ngojea vidanje ya 500.

Nibebe vyombo gani?

Kle za 8, 10, 12, 14, 17, na ile ya akisi ya nyuma (watu wanasahau hiyo!), kle ya buji na buji ingine, pense, waya ya kufungia, kolye, shambreri ya mbele moja. Ya mbele inaingia mpaka nyuma ukilazimisha, ya nyuma haiingii mbele. Vyuma viwili vya kutoa pine, pompe, fuzibu mbili, klipsi ya sheni. Yote inaingia mu kipande cha bomba ya plastiki yenye umeifunga mbele ya moteri.

Miguu yangu haifiki chini.

Yangu pia, niko mufupi. Pandisha furshi mu sahani sentimetre moja, legeza resori ya nyuma, toa sifongo kidogo ku kiti. Usikate resori kamwe. Zaidi ya hapo ni kujifunza kusimama na muguu moja, na kuchagua upande wenye hauna mufereji.

Nifanye nayo taksi nirudishe pesa?

Kila motari (mutu wa taksi ya moto) atakuambia hapana na mimi pia. Kiti ni juu, mama mwenye kikwembe hawezi kupanda, shasi ya nyuma haikutengenezwa juu ya watu watatu na gunia ya makala. Nunua Boxer ao TVS, zile moto za kawaida za taksi.

Makaratasi?

Kabla ya safari, si kisha. Plake, asiransi, permi, kopi mu simu na orijinale mu mufuko wa plastiki. Na kasike, mbili kama unabeba mutu.

Naweza kuosha kule ziwani?

Wengi wanafanya Kituku na pembeni, wile yote inaingia mu maji yenye watu wanachota kupika. Chota ndoo, osha nyumbani. Usipige maji ya presha kwa rulma za gurudumu, shingo ya gido na chini ya kiti, yale maji yanaingia na grese yako yote ya Jumamosi inatoka. Ziba silansie na mufuko. Ukimaliza washa dakika tano, gusa freni mara mbili tatu ikauke, weka wile ku sheni, na ukiwa umeinama pale pita tena kwa mistari ya rangi ya kucha, juu maji njo yanaonyeshaka yenye imetembea.